Kikombe cha Angela

Kikombe chenye maua mekundu kilikuwa cha mtoto, na mtoto alishazikwa tangu kipupwe. Basi Mama Angela alipokikuta asubuhi mezani, kimelowa, na machicha ya pombe chini yake, alisimama akikitazama huku kanga inamtoka kiunoni.

Akajisemea ni yeye mwenyewe, maana jana alilala hajitambui. Kesho yake kikombe kikawa kimelowa tena. Safari hii kilinukia mafuta ya nazi, yale aliyokuwa akimpaka Angela baada ya kumwogesha.

Mama Angela alikuwa mpika pombe ya ulezi pale Katandala. Kwa desturi mpishi huonja kwanza mbele ya wateja, wajue hajatia kitu. Alionja leo, akaonja kesho, chungu baada ya chungu, na mwisho, jamani, kuonja kukawa ndiyo kunywa kwenyewe.

Jioni moja wateja walikuwa wameondoka, naye kichwa kimeshakuwa kizito, akasikia kutoka nyuma ya pazia la chumbani:

"Mama, onja kwanza, halafu unipe."

Ilikuwa sauti ya Angela, na ule mtetemeko wake wa homa. Mama wa watu atafanyaje? Alionja, akakipitisha kikombe chini ya pazia, kikarudi kitupu.

Tangu hapo akafukuza wateja, akawa anapika ya watu wawili. Siku asiyokunywa, nyumba ilikuwa kimya. Akinywa, mtoto anakuja. Kwa hiyo alikunywa, akakonda mpaka kanga ikamzunguka mara mbili, na kila jioni sauti ilitaka zaidi, kikombe kikawa kata, kata ikawa kibuyu, na vidole vilivyopokea chini ya pazia, vilivyokuwa vifupi na laini hapo mwanzo, vikawa vinarefuka, vya baridi, vinamshika kifundo cha mkono na kukawia kukiachia.

Jirani yake Stumai, mwenye duka la rejareja, alikuwa akiisikia ile sauti kila jioni; ndiye aliyemfuata asubuhi moja akamkuta amelala chini.

"Mama Angela, nakuomba," alimnong'oneza, macho yakiwa kwenye pazia. "Hicho ulichonacho humu si mtoto. Ni jini hilo, litakumaliza."

"Najua."

"Unajua?"

"Hata kama ni jini, Stumai, lina sauti ya mwanangu. Likiondoka nitabaki na nani?"

Stumai alilia, kisha akajifuta kwa mtandio. "Jumamosi kuna kikundi cha walioacha pombe. Wanakutana darasani, shule ya pale chini. Mdogo wangu Fahadi alipona hapo. Nitakusindikiza. Ukae tu usikilize."

Jumamosi Mama Angela akaenda bila kuonja kitu tangu alfajiri. Darasani watu wazima walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti wao, mzee Oswaldi, fundi mwashi, alimpa mkono.

"Karibu, mama. Hapa hatuchekani."

Jagi la maji likapita na vikombe vyake. Mama Angela akapokea kikombe, akaonja, akampa aliyekaa pembeni: "Kunywa, hayana kitu." Ndipo akajishtukia. Wengine walitabasamu, maana walishapewa pombe namna hiyo maisha yao yote. Yeye akaangua kilio.

"Mwanangu alikuwa na homa," alisema. "Mimi nimelewa, nimelala. Akawa ananiita, Mama, maji. Mama, maji. Nilimsikia! Nilimsikia, jamani, nikashindwa kuinuka. Asubuhi alikuwa wa baridi."

Alijifuta uso kwa kanga.

"Sasa anarudi kila jioni. Anaomba pombe, nampa."

"Pole, mama yangu," alisema Oswaldi taratibu. "Na maji, hajaomba?"

Mama Angela alizihesabu jioni zote kichwani. Hajaomba. Hata siku moja. Na Angela alikuwa akiziba pua akisikia harufu ya kimea.

Jioni ile alikaa mbele ya pazia akiwa hajanywa, na safari hii sauti ikaja hata hivyo.

"Mama, onja kwanza."

Akachota maji mtungini, akajaza kikombe chenye maua, akaonja tone, akakisukuma mbele. "Mwanangu aliondoka na kiu," alisema. "Kama ni wewe, kunywa."

Pazia likavimba kama kuna mtu mzima anayeliegemea, harufu ya mafuta ya nazi ikageuka uvundo wa pombe iliyochacha, na ile sauti ikaanza kubembeleza, mama, mama yangu, onja kwanza, ikawa nene, ikawa sauti ya mwanamume, ikawa si ya mtu wala mnyama, ikizunguka kuta, ikitikisa masufuria, mpaka mlango ukajifungua wenyewe na upepo wa baridi ukatoka nje, na mbwa wa mtaa mzima wakabweka kuufuata.

Kukatulia. Maji yalikuwa vilevile kikombeni, hayakuguswa.

Jini lilikwenda, na Angela hakuwa amerudi hata mara moja. Mama yake akamlilia kilio cha matanga kwa mara ya kwanza, kwa sababu siku ya mazishi alikuwa amelewa.

Kila Jumamosi yuko darasani, na Stumai humsindikiza. Kila jioni hujaza kile kikombe maji, huyaonja, hukiweka chini ya pazia. Kila asubuhi hukikuta kama alivyokiacha.