Bunduki Ambayo Fundi Hakuijaribu

Saa 3:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha dobi. Mvuke wa pasi, harufu ya sabuni, mashuka ya watu yamening'inia kila upande. Mwalimu hakuwahi kufundisha shule yoyote. Walimwita hivyo kwa sababu kila kazi aliichora kwanza kwa chaki, na leo alikuwa anachora juu ya meza ya kupigia pasi.

"Duka la sonara. Mlango mmoja. Saa saba anafunga apate chakula. Ndani anabaki yeye na mlinzi mzee mwenye kirungu. Kobe, gari hapa. Injini isizimwe."

"Nikizima, mtalisukuma nyinyi," Kobe alisema. Huyo ndiye dereva. Jina alipewa kwa dhihaka. Hakuna aliyewahi kumwona akienda polepole.

"Fundi, sefu ni yako. Dakika sita. Shemeji, unambana mlinzi. Leteni mzigo."

Fundi alifungua shuka. Ilikuwa bunduki ya marehemu baba yake Shemeji, ya kulindia mifugo, ina leseni na kitabu chake. Juzi ukiisimamisha ilimfika Shemeji kifuani. Leo ilienea ndani ya koti.

"Umeipunguza kama suruali," Kobe akasema.

Fundi hakucheka. Shemeji alikuwa mume wa dada yake, na kama si yeye, Fundi asingekanyaga chumba hiki. "Kitabu kimeandika urefu wake," alisema. "Tangu nilipoweka msumeno, hii ni jela. Hata ukiilaza chini ya kitanda bila risasi, ni jela."

"Ni ya baba yangu," Shemeji akajibu. "Nimeirithi kwa karatasi na mihuri."

"Kuwa nayo ni haki yako. Kuigeuza si haki yako, wala yangu. Leseni yangu ni ya kutengeneza kilichoharibika. Ukitaka kugeuza, unaandika barua, unangoja kibali."

"Tuandike basi," Mwalimu alisema. "Mheshimiwa, tunaomba kukata bunduki, tuna shughuli fupi kwa sonara."

Kobe alicheka mpaka akakohoa.

"Umeijaribu?" Mwalimu aliuliza. Sasa hakuwa anatania.

Kila mtu aliijua desturi ya Fundi. Miaka ishirini na miwili, hakuna bunduki iliyotoka mikononi mwake bila kupigwa risasi moja kwenye sanduku la mchanga, kisha yeye kutia sahihi kwenye daftari.

"Nimeijaribu."

Ulikuwa uongo.

Siku mbili nyuma dada yake alimfuata karakana. Alikataa kiti. "Kaka, huyu mtu simwezi tena. Tangu kiwanda kimwachishe kazi, hanisikii mimi wala Mungu. Sawa, arudi mikono mitupu. Afungwe hata, nitampelekea nguo. Lakini asirudi na damu ya mtoto wa mtu. Niapie."

Fundi aliapa. Baada ya kukata mtutu, alichomoa kipande cha ndani kinachogonga risasi, kidogo kama punje ya mahindi, akakitupa chooni. Bunduki ikabaki sura tu. Mzee wa kirungu ataiona sura, atainua mikono, na hakuna mtu atakayekufa. Ndivyo alivyojipangia, na mtu hupanga ya kwake.

Saa 6:40 mchana

Walikuwa wameegesha mtaa wa pili. Simu ya Mwalimu ililia. Alisikiliza, akaikata.

"Mlinzi mzee anaumwa. Wameleta mwingine wa kampuni. Ana bastola."

"Turudi," Kobe alisema.

"Turudi wapi? Tuna bunduki iliyopita mikononi mwa Fundi. Shemeji, humwendei tena kwa nyuma. Simama mbele yake. Akigusa kiuno tu, mpige."

"Sawa."

Fundi aliinama mbele. "Mwalimu. Tuahirishe."

Mwalimu aligeuka kwenye kiti cha mbele, taratibu. "Kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno mawili tu: haitoi risasi. Lakini Fundi aliyaona macho ya Mwalimu, akakumbuka yule mwenzao aliyewasaliti mwaka jana, na jinsi alivyokutwa amekufa kwenye mfereji.

"Moyo wangu umekataa tu," alisema.

"Moyo upeleke kwa daktari."

Shemeji alimpiga begani. "Usinionee huruma, shem. Mkono wako nauamini kuliko dua za dada yako, na dada yako anavyoomba hata paka hawalali." Akacheka mwenyewe.

Dakika ishirini zilibaki. Fundi alizimaliza akitazama viatu vyake. Labda mlinzi ataogopa. Labda.

Saa 7:04 mchana

Mlango. Kengele ndogo ya duka. Sonara akiwa na funguo mkononi.

"Chini! Wote chini!"

Sonara alilala. Mlinzi hakulala. Alikuwa kijana mwenye sare mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Mkono wake ulishuka kiunoni.

Shemeji alikuwa hatua nne mbele yake. Akavuta.

Tik.

Akavuta tena. Tik. Akageuza shingo kumtafuta Fundi, kama mtu anayeuliza kitu nyumbani kwake, chumvi iko wapi. Bastola ikalia mara mbili.

Mwalimu hakuangalia chini. Alirudi nyuma kupitia mlango, na gari likasikika likiondoka kabla mlango haujajifunga. Kobe na injini yake.

Fundi alipiga magoti. Damu ilikuwa moto.

"Imekataa, shem," Shemeji alisema. "Na uliijaribu."

"Usiseme. Pumzika."

"Si kosa lako. Vyuma hivi..."

Hakumaliza. Fundi aliinua mikono juu na kubaki pale pale.

Saa 10:15 jioni

Kituoni. Dada yake aliingizwa, kanga kichwani, macho makavu. Alimshika kaka yake mkono ulio na pingu.

"Kaka. Angalau wewe umebaki. Mlinzi ni mzima, wameniambia. Mume wangu hakuua mtu. Nilimwomba Mungu hilo, na amenisikia."

Fundi hakuweza kumtazama.

Afande mezani alikuwa na faili na kalamu. "Mtaalamu wetu ameikagua silaha. Mtutu umekatwa. Halafu kuna kipande kimetolewa ndani. Ni mageuzi mawili, na yote bila kibali. Nani aliyafanya?"

"Hata lile la kuifanya isiue lina shtaka?" Fundi aliuliza.

"Hata hilo. Silaha haigeuzwi kienyeji, iwe kwa ubaya au kwa wema. Nani?"

"Kipande gani?" dada aliuliza.

Fundi angeweza kusema ni Mwalimu. Mwalimu yuko mbali, na uongo mmoja zaidi usingeongeza uzito.

"Mimi," Fundi alisema. "Nilikuapia, dada. Nikaitoa bunduki roho ili asiue. Na njiani nilijua mlinzi ana bastola. Niliogopa. Sikumwambia."

Mkono wa dada ulikuwa bado juu ya wake. Aliusikia ukilegea.

"Nilikuomba asiue," alisema kwa sauti ya chini. "Sikukuomba afe."

Akauondoa mkono. Akaipanga kanga yake mabegani, akamgeukia mwenye faili.

"Afande," alisema, "mwili nauchukua wapi?"