Besi Hainunuliwi kwa Macho

Jioni, mama alifunika cherehani yake akaenda mazoezi ya bendi. Yeye ndiye mpiga besi, ile fidla kubwa inayomzidi mtu kimo. Besi yenyewe ilikuwa ya kuazima, na sasa mwenye mali alikuwa anataka irudishwe.

"Tununue yetu," baba, ambaye ni fundi rangi, alimwambia aliporudi. "Nimeiona moja dukani. Inang'aa kama kioo!"

"Umeisikia?"

"Nimekwambia nimeiona."

Mama alicheka, lakini moyo haukutulia. Besi ya kuazima ilikuwa imemuumiza mkono wa kushoto. Aliogopa kununua maumivu mengine, halafu muziki umshinde kabisa. Akaenda kumbishia hodi jirani yao, Bibi Nyuzi, mpiga besi wa siku nyingi.

"Twendeni wote, mwanangu," alisema bibi. "Besi hainunuliwi kwa macho."

Dukani, baba aliikimbilia ile inayong'aa. Bibi Nyuzi akagonga mbao zake kwa kidole, polepole, pembeni kote. Mahali pamoja mlio ukapwaya.

"Hapa gundi imeachia," alisema. "Fundi, ukiona ukuta mkuukuu umepakwa rangi mpya mahali pamoja tu, unafikiri nini?"

Baba alijikuna kichwa. "Kuna ufa." Akainama, akapapasa. "Na huu hapa! Wameuziba."

"Uzuri wa mkakasi," alisema bibi.

"Ndani kipande cha mti," mama akamalizia.

Kando ilisimama besi nyingine, kuukuu, yenye mikwaruzo. Bibi aliigonga, akaichungulia shingo kama imenyooka, akampa mama.

"Simama nayo kama uko kazini. Usiinamie. Bonyeza kila uzi, toka juu mpaka chini. Nyuzi zikiwa mbali na ubao, mkono utaumia. Zikiwa karibu mno, zitakwaruza."

Mama alipiga bila haraka. Kila sauti ilitoka nzito na safi. Bibi alimtuma baba mlangoni, asikie kwa mbali. Baba akasikiliza, kisha akarudi.

"Mkono?" alimuuliza mama.

"Hauumi."

"Basi ndiyo hii. Hiyo mikwaruzo nitai—"

"Usiiguse na brashi yako!" wanawake wote wawili walimkemea.

Waliinunua. Onyesho lililofuata, mama alipiga mpaka wimbo wa mwisho. Zamani alikuwa akishuka jukwaani ameukumbatia mkono wake. Safari hii alishuka ameikumbatia besi.