Maziwa ya Stoo

Chupa ilikuwa tupu. Mshonaji aliigeuza, akainusa, akaapa kwamba saa nne aliiacha imejaa maziwa yake mwenyewe, kifuniko kimekazwa. Kifuniko bado kilikuwa kimekazwa.

Ilikuwa wiki yake ya pili tangu arudi kiwandani kutoka likizo ya uzazi. Cherehani aliyoshonea kola miaka sita alikuta imekaliwa na msichana asiyejua hata kutunga uzi. "Hatukukutuma uzae," msimamizi alimwambia mbele ya watu, huku akicheka. "Kapange vitambaa stoo. Na hayo maziwa kamulia hukohuko, usituletee shombo." Shombo! Kwani yeye alinyonya wapi, bombani?

Stoo haikuwa na dirisha wala friji. Kila siku mama wa watu alikamua, na yaliyochacha akayamwaga nyuma ya majora ya vitambaa, kwenye ufa wa sakafu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Siku ile ya chupa, mchana kweupe, cherehani zikinguruma ng'ambo ya mlango, alisikia kitu kikifyonza nyuma ya majora, nyu, nyu, nyu, ikaja harufu ya kichanga ambaye hajaogeshwa siku nyingi, na kabla hajainuka mdomo wa baridi ukamshika ziwani, mdomo bila uso, ukavuta na kuvuta mpaka akahisi uti wa mgongo unachuruzika.

"Mama," kikanong'ona. "Bado nina njaa."

Jioni maziwa hayakutoka hata tone. Mwanawe wa miezi mitatu alifyonza hewa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Chupa ya dukani aliitapika, tena na tena. Siku ya tatu utosi ukawa umebonyea, mama akakimbilia kwa mganga, mtoto mgongoni.

Mganga, bibi kizee, alimnusa blauzi, akasogea nyuma.

"Sema polepole, kisisikie. Ulikipa mwenyewe?"

"Nilimwaga tu, bibi."

"Ndiko kukipa. Umekinyonyesha, basi ni mwanao, na huyu mgongoni ni nduguye wa ziwa. Mtoto simfukuzi kwa mamaye. Kitakuacha kikipewa ziwa lingine. Kisipopewa, kitamaliza lako, halafu kitakuja kumchukua nduguye."

Kesho yake mkata vitambaa naye alirudi kutoka uzazi. Mshonaji alipokuwa na tumbo kubwa, ndiye aliyekuwa akimbebea mkoba. Naye meza yake ilishagawiwa mtu. Alisimama mlangoni, blauzi imelowa kifuani, aibu imemjaa.

"Mwenzangu," alinong'ona, "wewe ulikuwa unakamulia wapi?"

Mshonaji alimtazama. Alimpenda, Mungu ni shahidi.

"Stoo," alisema. "Kuna utulivu. Yakichacha, yamwage kwenye ufa, nyuma ya majora."

"Ahsante, dada. Ningekuwa mgeni wa nani bila wewe?"

Jioni ile mwana wa mshonaji alinyonya mpaka akacheua. Mama akamfuta mdomo, akamshukuru Mungu, wala hakuona haya.