Spesa za Mvule

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na Hilari alikuwa amechoka. Alichoka kusukuma motokaa. Alichoka kuiosha matope. Zaidi ya yote, alichoka kuogopa.

Hilari aliishi Mkula na mkewe Serafina. Kwa miaka mingi alikuwa akichonga mitumbwi, na hakuna aliyemshinda katika kazi hiyo. Lakini mwaka uliopita, mwaka 1955, binti yao Aurelia alishikwa na uchungu katikati ya mvua. Walimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya misheni, Ifakara. Mtoto alizaliwa njiani. Hakulia.

Baada ya mazishi Hilari aliuza mitumbwi yake yote. Akanunua motokaa kuukuu, pikapu ndogo yenye kelele nyingi. Sasa Aurelia alikuwa na mimba nyingine. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo alikuja kujifungulia kwa wazazi wake. Siku zake zilikuwa zimekaribia.

Tatizo lilikuwa matairi. Ya zamani yalikuwa yamekwisha kabisa. Hilari alipata mengine mapana, ya kushika matope, akayafunga nyuma. Motokaa ilipotembea, matairi yale yalisugua springi kwa ndani. Hata mpira ulianza kunuka.

"Lazima gurudumu lisogee nje kidogo," Hilari alimwambia mkewe. "Dereva mmoja wa lori amenieleza. Kuna kitu kinaitwa spesa. Ni sahani ya chuma yenye matundu. Inakaa kati ya gurudumu na kitovu chake."

"Basi nenda Ifakara ukaitafute," alisema Serafina.

"Ya nini? Nina mvule hapa nyumbani."

"Mvule, Baba Aurelia? Kwenye motokaa?"

"Mtumbwi ukipata ufa tunafanyaje? Tunauzamisha. Mti unakunywa maji, unavimba, ufa unajifunga. Na masika haya, spesa za mti zitakunywa maji mpaka zikaze zenyewe."

Serafina hakuwa na nguvu ya kubishana. Tena maneno yenyewe yalionekana ya akili. Ndiyo shida ya fundi hodari: akikosea, anakosea kwa uhakika.

Hilari alichonga spesa mbili. Zilikuwa laini, za mviringo, nzuri kutazama. Majirani walizisifu.

Jumapili, Hilari na Serafina walikwenda misa kwa motokaa. Aurelia alibaki nyumbani kwa sababu miguu ilimvimba. Wakati wa kurudi, motokaa ilianza kutikisika nyuma. Halafu wakaona gurudumu linawapita upande wa kulia, linakwenda zake peke yake.

"La nani hilo?" Serafina aliuliza.

Lilikuwa lao. Motokaa ililala upande, ikaingia mtaroni. Serafina aliumia bega. Walikaa kwenye majani yenye maji. Mwishowe Serafina akasema, "Kama Aurelia angekuwemo..." Hakumaliza. Hilari alifunika uso kwa mikono.

Kesho yake, motokaa ikiwa imekokotwa hadi nyumbani, Hilari alipanda lori hadi Ifakara. Alikwenda mtaa wa Mlabani kwa Fulgensi, fundi wa motokaa aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita.

"Shikamoo, mzee," alisema Fulgensi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea aibu yangu." Hilari akatoa spesa moja kwenye gunia.

Fulgensi aliigeuza. Hakucheka. Mahali pa nati, mti ulikuwa umebonyea. Kwa ndani ulikuwa na nyufa.

"Kazi ya mkono ni safi," alisema. "Lakini mzee, mtumbwi unakaa majini. Gurudumu linakaa jirani na breki, na breki ni moto. Mti ukilowa unavimba, ukipata moto unasinyaa. Ukisinyaa, nati inabaki inaning'inia."

"Sikufikiria moto," alisema Hilari polepole.

"Na ulipokaza nati, ilizunguka mara ngapi kabla ya kubana?"

"Mara mbili hivi."

"Ni chache mno! Angalau mara saba. Spesa yako ina unene wa vidole vitatu. Imeimeza boliti yote. Tairi lilihitaji nafasi kiasi gani?"

"Kidole kimoja."

"Basi ungeweka ya kidole kimoja. Spesa nene inachosha beringi na kuvuta boliti. Usichukue zaidi ya unachohitaji. Na dawa ya kwanza si spesa. Dawa ya kwanza ni matairi ya saizi ya motokaa yako."

"Yapo?"

"Hapa hayapo. Tukiagiza, yatafika masika yakiisha."

"Mtoto hatasubiri," alisema Hilari. Akamweleza habari ya mwaka uliopita.

Fulgensi alivaa kofia yake. Walikwenda Mkula pamoja kwa lori, naye akapima kitovu, matundu na boliti. Kisha akarudi Ifakara, kwenye karakana ya misheni yenye mashine ya kukereza chuma. Siku ya nne alirudi na spesa mbili za chuma, zenye unene sawasawa. Kitovu kiliingia kwenye tundu la katikati bila kucheza. Alileta na boliti ndefu zaidi.

Kabla ya kufunga alisugua kutu na matope yote. "Uchafu ukibaki, spesa haitalala vizuri," alisema. Hilari alikaza nati kwa mkono wake mwenyewe. Alihesabu: saba, nane. Alikaza moja, kisha ile inayokabiliana nayo, si kwa kufuatana.

"Sasa sikiliza, mzee," alisema Fulgensi. "Ukienda maili tano, simama. Kaza tena. Chuma kipya lazima kikae mahali pake. Usiseme nitakaza nikifika."

Asubuhi hiyohiyo Fulgensi alipanda lori la kurudi. Jua lilipofika utosini, Aurelia alishika mlango akaita, "Mama!"

Walimlaza nyuma ya pikapu, juu ya magodoro, chini ya turubai. Serafina alikaa naye. Mvua ilinyesha. Tairi halikusugua. Hilari alitazama maili zikipita kwenye saa ya motokaa. Ilipotimia ya tano, alisimama.

"Kuna nini?" Serafina alipiga kelele.

"Nakaza nati."

"Mtoto anakuja! Endesha!"

"Dakika chache tu."

"Huna huruma wewe! Ulimzika wa kwanza, unataka kumzika na huyu?"

Maneno yale yalimchoma. Hilari alipiga magoti kwenye matope na spana yake. Aurelia alikuwa akilia kwa maumivu, na kila kilio kilimwambia aondoke. Nati ya kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea. Ya tatu ikazunguka robo nzima. Upande wa pili, moja nyingine ikazunguka. Alizikaza zote, akarudi kwenye usukani. Aliendesha mpaka hospitali ya misheni, Ifakara.

Wauguzi walimpokea Aurelia mlangoni. Hilari alikaa chini, mgongo ukiegemea gurudumu. Hakuwa na nguvu hata ya kusali. Alitazama matope kwenye magoti yake, akasubiri.

Baadaye kidogo Serafina alitoka. Bega bado lilimuuma. Alikaa chini kando yake.

"Nati zilikuwaje?" aliuliza.

"Mbili zilikuwa zimeanza kulegea."

Serafina akamshika mkono.

"Nisamehe, mume wangu. Ni msichana. Analia mpaka wodi nzima inalalamika. Inuka ukamsikie."