Gauni Lenye Tundu

Jumatatu, saa 9:15 alasiri

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka gundi na vumbi la mbao. Kobe alichora ukumbi wa maonyesho kwa chaki juu ya meza, taratibu. Hakuwahi kufanya jambo kwa pupa, ndiyo maana hakuwahi kukamatwa. Alikuwa fundi wa kabati za vioo. Kabati zote za ukumbi ule zilitoka mikononi mwake, na funguo za akiba alibaki nazo.

"Kesho, saa nne kamili. Wageni wanatolewa nusu saa, wafanyakazi wanapangusa vumbi. Mlinzi wetu anakwenda kuvuta sigara. Sindano anaingia na kapu, kama mtunza nguo. Anatoa gauni, anaweka jingine. Breki yuko nyuma na gari."

"Wakigundua?" aliuliza Breki, dereva.

"Wagundue nini? Aliyeshona la kwanza ndiye kashona la pili."

Wakamtazama Sindano. Mama wa watu, mshonaji, hajaiba hata kifungo maishani. Lakini mwenye gauni, mwimbaji aliyeuawa, alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alipigwa risasi jukwaani, amevaa gauni jeupe aliloshonewa na dada yake. Muuaji alifungwa, watu wakalia, wakanyamaza. Kisha mume wa marehemu akalivisha sanamu gauni hilo, na tundu lake na damu yake, na vito vya marehemu, akalitia kwenye kioo, akauza tiketi. Watu wakapanga foleni, watoto mabegani. Wakapiga picha, meno nje! Aibu haikumshika hata mmoja.

Mama yao hakula akashiba tangu siku hiyo. "Siwezi kufa mwanangu akitazamwa hivyo," alisema. "Nileteeni nguo yake niizike."

"Vito vyenu," Sindano alisema. "Gauni langu."

"Tulishakubaliana, dada. Na kijeneza chake nakichonga mwenyewe, vipimo si ulinipa?" Kobe akafuta chaki kwa kiganja. "La pili umeshalitoboa?"

"Bado. Leo jioni."

Jumanne, saa 4:06 asubuhi

Mlinzi alikwenda zake bila kugeuka. Sindano akafungua kioo. Alilivua lile sanamu gauni kuanzia begani, polepole, kama alivyozoea kumvua mdogo wake baada ya tamasha, akiwa hoi kwa uchovu. Damu ilikuwa imegeuka kahawia. Kitambaa kilikakamaa chini ya vidole vyake.

Akavisha la pili. Mkufu na vipuli akavitumbukiza kapuni, akafunga, akatoka.

Saa 4:19

Breki alimfungulia mlango wa nyuma wa gari. Akapanda, Kobe aliyekuwa akingoja ndani akafunga, gari likaondoka.

Jeneza halikuwamo. Palikuwa na kabati jipya la kioo, na ndani yake kiwiliwili cha mbao, bega la kushoto limeshuka kidogo. Bega la mdogo wake. Vipimo vile vile alivyompa Kobe.

"Hiki nini?"

"Kuna mzee mmoja ana nyumba kubwa," Kobe alisema. "Ataliweka chumbani kwake. Mtu mmoja tu, dada. Si afadhali kuliko ule umati?"

"Ni nguo ya mdogo wangu."

"Ilikuwa. Siku hizi ni ya kila mtu, wewe tu hujaambiwa."

Saa 4:33

Ving'ora vikaanza nyuma yao.

"Mapema hivi?" Breki alifoka.

Kobe akageuza shingo. "Sindano. Ulilitoboa?"

"Nilishika mkasi mara tatu. Mkono ulikataa."

"Na doa?"

"Nimpige risasi tena mdogo wangu, mimi?"

Kule ukumbini lilisimama gauni jeupe pe, zima, na wageni walikuwa wameshaliona.

Mbele, malori mawili ya polisi yaliziba njia. Breki akaruka nje, mikono juu. Kwa mara ya kwanza Kobe alifanya haraka: alinyakua mkufu, akalivamia gauni. Sindano akachomoa mkasi kapuni, akamchoma mkono. Kobe akapiga yowe, akakimbia. Risasi mbili zikalia. Sindano hakuinua macho. Alikuwa anakata.

Saa 4:50

Shemeji yake, mume wa marehemu, alifika ameloa jasho. Askari walikuwa wamemshusha Sindano, pingu mkononi. Sakafu ya gari ilijaa vipande vyeupe na vya kahawia, hakuna kinachozidi kiganja.

"Basi," Sindano alimwambia, machozi yakimtiririka. "Huna cha kuonyesha. Mwache apumzike. Mwache mama apumzike."

Shemeji alipanda garini, akaokota kipande chenye doa, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Afande," alisema, "vipande vyote naomba visipotee. Na mkasi huo. Damu iliyo juu yake isifutwe."