Tuache Chemchemi, Twende Mtoni

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Gati alipita kwanza kwenye kitalu cha kabichi. Siku ile alikuta miche yote imelala chini, imekauka kama nyasi za kiangazi.

"Imekufa tena?" aliuliza mumewe, Kisyeri, akiwa mlangoni mwa zizi.

"Imekufa. Na niliitilia mavi ya ng'ombe ya jana, mabichi kabisa."

Gati alifanya vile alivyojua. Kule kwao kwa zamani, mboga zilipandwa palipokuwa na zizi, na zilinawiri. Hakujua kwamba mavi ya kule yalikuwa yameoza miaka mingi. Mabichi huunguza mizizi.

Kule kwao kwa zamani sasa ni pori. Wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowakusanya watu katika vijiji vipya, walipakiwa kwenye lori na masufuria yao, nyumba zikatiwa moto nyuma yao. Wakaletwa hapa, upande wa Busawe. Waliopanga safari ile walikumbuka kuhesabu watu. Udongo hawakuukumbuka. Sisi hatujasahau.

Katika kijiji kipya akina mama walipewa bonde karibu na Mto Mara, walime mboga kwa pamoja. Miche ilipokufa, mwenyekiti wa kijiji, Kornelio, aliwaambia, "Chimbeni udongo mweusi wa chemchemi. Ule ndio udongo wa miche. Na mkishindwa tena, bonde linalimwa pamba!"

Walichimba. Udongo ule ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, mbegu zikafia ndani. Chemchemi nayo ikageuka tope. Ng'ombe walinusa, wakaondoka bila kunywa.

"Sasa ng'ombe wangu wanywe nini?" Kisyeri alifoka. "Wanywe kabichi?"

"Hata kabichi yenyewe iko wapi?" alijibu Gati. "Hatuchimbi tena pale. Na bonde halilimwi pamba. Nitatafuta njia."

Njia aliipata kwa jirani. Adija, mke wa Bushiri fundi cherehani, alizaliwa Pangani. Siku moja alikuja bondeni, akaufinya ule udongo mgumu.

"Mama Wangwe," alimwambia Gati, "chemchemi ikichimbwa inakufa. Kwetu udongo ni mchanga mtupu. Mama yangu aliokota mwani, majani ya baharini yanayotupwa ufukweni. Aliyaacha yanyeshewe mvua, chumvi itoke. Kisha aliyaozesha pamoja na majani makavu. Mbolea ile ilishika maji, na miche ilisimama."

Robi, mwenzao asiyeweza kukaa kimya, aliangua kicheko. "Adija! Bahari iko wapi hapa? Au tumwagize Kornelio akailete kwa lori? Si anajua kuhamisha vitu!"

Wote walicheka. Adija naye alicheka.

"Bahari hamna. Lakini pembeni mwa mto wenu kumejaa majani ya majini. Tena hayana chumvi ya kuosha."

"Na mamba?" aliuliza Gati.

"Haingii mtu majini. Kuna mamba, na kuna kichocho. Tusimame juu, mahali peupe, mmoja alinde. Tuvute kwa mti mrefu wenye kulabu."

Jioni Kisyeri alichonga kulabu. Alinung'unika, lakini alichonga. Alikuwa anataka chemchemi yake.

Akina mama walivuta majani, wakayaacha yachuje maji, wakayakatakata kwa panga. Walipanga tabaka la majani ya majini, tabaka la mabua makavu, kisha mavi makavu kidogo na udongo kidogo. Wakarudia mpaka lundo likafika kiunoni. Wakalifunika kwa nyasi.

"Chomekeni kijiti katikati," Adija alifundisha. "Kikitoka na joto, lundo linafanya kazi. Likinuka vibaya, maji yamezidi, ongezeni mabua. Likikauka, nyunyizieni maji. Na mligeuze, lipate hewa."

Siku moja Kornelio alifika, mikono nyuma.

"Mvua ziko karibu. Mbona hampandi?"

Gati alichomoa kijiti, akampa akishike. Kornelio alikiachia upesi.

"Bado ni moto, ndugu Mwenyekiti. Litaunguza miche."

"Nimesema mpande leo! Mnanikaidi?"

"Ulisema tuchimbe chemchemi, tukachimba. Ulisema tuhame, tukahama. Leo tunasubiri. Hatuui mbegu tena kwa sababu ya amri."

Hakuna mama aliyeinamisha kichwa. Kornelio aliondoka akitikisa fimbo.

Walisubiri. Lundo lilipoa, likawa jeusi, lenye kumomonyoka mkononi, likinukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Waliichekecha mbolea ile, wakaichanganya nusu kwa nusu na udongo wa kawaida na mchanga kidogo. Kwanza walijaribu mbegu chache kwenye chungu kilichovunjika. Zilipoota vizuri, ndipo walipopanda kitalu kizima.

Mvua ilipokolea, Gati alipita asubuhi kama kawaida. Alichuchumaa. Alivuta mche mmoja taratibu. Mizizi ilikuwa mingi, myeupe, imeshikilia udongo kama mtoto anavyoshikilia nguo ya mama yake.

"Robi! Adija! Njooni muone!"

Waliihamishia miche bondeni, na bonde likajaa kabichi. Habari za pamba hazikusikika tena. Kornelio alirudi, safari hii bila fimbo.

"Mama Wangwe, habari za kazi? Mke wangu angependa miche kidogo."

Gati aliinuka, akafuta mikono. Alichukua ule mti wenye kulabu, akamkabidhi.

"Miche ipo. Ila lundo jipya halijajaa. Si ulituambia mkutanoni kwamba hapa kila mtu anakula kwa jasho lake?"

Robi aliziba mdomo kwa kanga. Kornelio alitazama mti, akawatazama akina mama. Akakunja suruali.

"Usiingie majini!" Adija alimpigia kelele. "Simama juu!"

Kule juu ya bonde, Kisyeri alikuwa ananywesha ng'ombe. Tope lilikuwa limetulia. Maji ya chemchemi yalikuwa yanarudi, na ng'ombe waliinamisha vichwa, wakanywa.