Tovuti Isiyo na Mwenyewe

Kila mara muuguzi alipofungua ukurasa ule kwenye simu, chumba kilinuka nywele zilizoungua. Alikwenda kukagua jiko, akakuta limezimwa. Hakulitia maanani. Mama yake alikuwa kiziwi mwaka wa pili sasa, madaktari wameshanawa mikono, na hiyo ndiyo tovuti pekee iliyosema masikio yale yanaweza kufunguka.

Mdogo wake, mhariri wa gazeti, alipita mchana kuwajulia hali. Akaichukua simu, akaanza kuuchambua ukurasa kama anavyochambua habari za kuokoteza.

"Dada, nani kaandika haya?"

"Mtabibu."

"Mtabibu gani hana jina, hana anwani, hana hata tarehe? Nimemtafuta kwingine kote, hakuna anayemtaja."

"Waliopona si hao hapo chini? Wasome."

Akawasoma. Kila mmoja alipigwa picha amekaa kitandani, begani kashikwa na mkono wa mtu asiyeonekana. Mhariri akashusha sauti. "Mkono ni huo huo mmoja, dada. Tazama kidole cha mwisho, kilivyo kirefu kuliko vyote. Wewe si ndiye unayewakataza wagonjwa dawa isiyo na lebo?"

Muuguzi akampokonya simu. Hakumwambia kwamba asubuhi ile alikwishafanya alichoelekezwa na ukurasa ule: alimwinamia mama yake sikioni akasema, "Karibu, nyumba ni yako."

"Mbona mnagombana, wanangu?" mama yao aliuliza kutoka chumbani.

Walikimbilia huko, wakamkumbatia, wakalia wote watatu. Mhariri aliondoka kichwa chini, maswali yake kayameza.

Lakini mama alianza kujibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Alicheka peke yake akimenya viazi. Aliitika "Abee" ukutani. Mara muuguzi akawa anasikia kucha zikikwaruza nyuma ya kabati, taratibu, zikisimama anaposimama na kuanza tena anapopiga hatua, na ile harufu ya nywele ikawa haingoji simu tena, ikawa imo kwenye mashuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye pumzi ya mama yake, hadi adhuhuri moja alipoufungua ukurasa akamkuta mama yake mwenyewe kati ya waliopona, kakaa kwenye kitanda kile kile, katika chumba ambacho hakuna aliyepiga picha, na ule mkono umemshika begani.

Alimpigia mdogo wake. Mdogo wake akaja na mganga, mama wa makamo aliyetoka sokoni, kikapu cha nyanya bado mkononi. Mganga alisimama mlangoni, akaziba pua.

"Nani kamkaribisha?"

"Mimi," muuguzi alinong'ona.

"Basi utamtoa wewe. Ila akitoka, anatoka na alichokuja nacho."

Mama akawasikia. Akamshika binti yake kiganja. "Mwanangu, usinirudishe kule. Hujui kulivyo kimya."

Muuguzi machozi yakamtoka.

"Hataki makubwa," mama akaendelea kwa upole, kana kwamba anaomba kipande cha sabuni. "Anataka mmoja wenu tu."

Mhariri akarudi nyuma hadi ukutani. Muuguzi akamwinamia mama yake sikioni, akasema, "Toka. Nyumba si yako." Kabati likaanguka kifudifudi. Kisha pakatulia, na mama akawa anawatazama midomo, haelewi kitu, analia kama mtoto.

Ukurasa ukatoweka. Muuguzi akarudi kazini.

Siku moja zahanatini, mwanamke mmoja alimfuata dirishani, uso umemchangamka.

"Nesi, nimekuja kukushukuru. Mwanangu alikuwa hasikii kabisa. Siku hizi tovuti za uongo zimejaa, nami nilisita sana. Nilipokuona wewe umeandika kwamba mama yako kapona, nikasema huyu namfahamu, hawezi kunidanganya."

Akamwonyesha simu. Muuguzi akajiona kakaa kitandani kwake, amevaa sare ya kazi, anatabasamu.

Akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapo nje kwenye benchi," mwanamke alisema. "Anaongea na mtu."